Likizo Aliyopewa Mungu

Vijana wa jikoni, siku ile nilipostaafu na kukabidhi mwiko mlinizunguka mkasema, "Mzee Barasa, usitoroke na hadithi zote. Angalau andika moja." Nikawaahidi nitaandika nikifika nyumbani Bahati, kuku wakinipa nafasi. Leo kuku wameshiba, mke wangu Naomi ameenda mkutano wa akina mama kanisani, na meza ni yangu mpaka atakaporudi. Basi wacha niandike.

Vyeo sitavieleza. Nilivipanda polepole sana, hata konokono walikuwa wananipita wakinipa pole. Mshahara nao ulikuwa ukifika na kuondoka siku hiyo hiyo, hatukupata nafasi ya kujuana vizuri. Nitawaeleza mambo ya jikoni, na jinsi nilivyoenda likizo ya Mungu. Ndiyo, mmesoma sawa. Likizo ilikuwa ya Mungu, mimi nikaitumia.

Mimi ni mtoto wa Nakuru, wa zile nyumba za reli. Babu yangu alitoka magharibi kuja kutia makaa kwenye garimoshi, baba akafanya kazi kiwandani, na mimi nikaingia jeshini kwa sababu nilitaka kupiga bunduki. Siku ya kwanza afisa mmoja aliniangalia kutoka juu mpaka chini. Wakati huo nilikuwa na mwili. Mabega yangu yalikuwa yanaingia mlangoni kwa zamu, moja linatangulia lingine linafuata. Nikajua hapa napewa ule mzinga unaovutwa na lori. Afisa akasema, "Huyu apelekwe jikoni."

Jikoni nikamkuta Sajini Koros, mpishi mkuu, mtu wa Elburgon. Alikuwa mfupi na mkavu, na sauti yake ilikuwa kama mashine ya kupasua mbao. Akanipa mwiko. Mwiko wenyewe ulichongwa huko kwao Elburgon na fundi ambaye, naamini mpaka leo, alidhani ameagizwa mlango.

"Hii ndiyo bunduki yako," akasema.

"Sajini, na hii naweza kuua mtu."

"Ukipika vibaya utaua wengi zaidi. Panda sanduku."

Ilibidi kupanda sanduku kwa sababu sufuria ya ugali wa kombania nzima ilinifika kifuani, na mimi si mfupi. Unasimama juu, unashika mwiko kwa mikono miwili, unasukuma na mgongo. Ukisukuma na mikono peke yake, kesho yake huwezi kufunga vifungo vya shati. Jiko lilikuwa la dizeli. Likiwashwa lilinguruma mpaka watu wa Njoro walikuwa wanatoka nje kuangalia ndege inatua wapi.

Sajini Koros alinifundisha mengi, lakini matatu shikeni. Unga wa mandazi ukiwa kwenye baridi unafunikwa kama mtoto mchanga, la sivyo hauumuki. Askari ukimcheleweshea chai, usimpe mgongo. Na la tatu alikuwa akilisema akiwa amenishika kola: "Barasa, usiwahi kupeleka maharagwe makavu Mau Narok. Kule juu maji yanachemka kabla hayajapata moto."

Nilidhani ni matani. Nikaenda kujionea. Ni kweli kabisa. Kule mlimani maji yanatokota kwa fujo, mapovu yanaruka, na ukitumbukiza maharagwe yanakaa humo kama watu waliokuja kuogelea. Sajini alipostaafu aliniachia mwiko na onyo hilo, na nikawa mpishi wa kombania.

Ndipo akaja Meja Elkana.

Meja Elkana alikuwa kamanda wetu kwa miaka mingi. Alikuwa mrefu, mwembamba, suruali yake imepigwa pasi mpaka ungeweza kukatia mkate. Kwenye maombi yeye hakufunga macho. Alisema adui hafungi. Tena aliamini kwa moyo wake wote kwamba hakuna jambo jema lililowahi kufanywa na binadamu. Alikuwa akionja chai yangu, anafunga mdomo kidogo, halafu anasema, "Chai hii ni tamu sana. Mungu ni mwema." Na mimi nimesimama hapo hapo na birika mkononi, nikijiuliza kama ni Mungu aliyeamka alfajiri kupigana na jiko la dizeli.

Sasa, kila mwaka kombania yetu na kombania ya pili tulikuwa tunapanda Mau Narok kupigana vita vya mazoezi, huko kwenye matuta ya ngano na viazi. Risasi hakuna. Kila askari alifungwa utepe mkononi, sisi mwekundu, wao wa bluu. Ukimnyang'anya adui utepe, amekufa. Anakaa chini anangoja vita viishe. Kombania iliyopoteza tepe nyingi imeshindwa, na inachimba vyoo vya kambi.

Kulikuwa na desturi moja, ya zamani kuliko sisi sote. Kwenye gwaride la mwisho, kamanda aliyeshinda anamwita mbele mtu aliyeleta ushindi. Mtu huyo anapewa mbuzi, na likizo ya wiki tatu ambayo hakuna ofisi inayoweza kuikataa. Hata kama likizo zote za jeshi zimefungwa na kufuli kutupwa ziwani, ile ya ushindi ilikuwa inatoka.

Mwaka wa kwanza wa Meja Elkana tulishinda kwa sababu alishika ramani juu chini. Tulitembea asubuhi nzima upande usiofaa, tukatokea nyuma ya adui wakiwa wanapiga mswaki. Kijana mmoja wetu, Lagat, alinyakua tepe nyingi mpaka akakosa pa kuziweka, akajifunga kichwani. Siku ya gwaride Lagat alikuwa ameng'arisha viatu, amenyoa, ameshampigia mama yake simu kwamba anakuja. Meja akasimama mbele, akavuta pumzi.

"Ushindi huu," akasema, "umeletwa na Mungu."

Tukangoja aendelee. Hakuendelea. Mbuzi akakabidhiwa Padre wa kambi ampokee kwa niaba ya Mungu. Likizo ikabaki ikining'inia hewani, hakuna wa kuichukua. Lagat akampigia mama yake tena.

Mwaka wa pili mvua ilinyesha, malori ya adui yakazama kwenye tope mpaka kwenye vioo. Mungu tena. Mbuzi, Padre. Likizo, hewani. Na kwa vile mimi ndiye niliyekuwa nikiwapika hao mbuzi, naweza kushuhudia kwamba Padre alikuwa mtu mwaminifu sana katika kupokea kwa niaba. Alipokea miguu yote minne kwa niaba. Alipokea mbavu. Supu aliipokea asubuhi na jioni.

Mwaka wa tatu tulishindwa vibaya. Vijana wetu waliokuwa zamu walilala, adui wakapita wakiwavua tepe kama wanaochuma mahindi. Sote tulijua ni nani waliolala. Tukangoja Meja aseme Mungu ametuacha, au awataje wale vijana. Akasimama mbele, suruali imenyooka vile vile.

"Hii ni yangu," akasema. "Msimtafute mwingine."

Kisha akavua shati akaingia kuchimba choo pamoja na sisi. Alikuwa anachimba vibaya kweli kweli, lakini alichimba. Kuanzia siku hiyo nilimpenda yule mtu, ingawa nilimpendea mbali kidogo.

Wakati huo mimi nilikuwa nimeanza shule ya jioni. Niliacha masomo kidato cha pili, kiwanda cha baba kilipofungwa, na jambo hilo lilinikaa kooni miaka yote kama mwiba wa samaki. Darasa letu lilikuwa mjini, ghorofani, juu ya duka la misumari na rangi. Mwalimu wetu, Mwalimu Atieno, alikuwa rika la binti yangu Nekesa na mkali kuliko Sajini Koros.

"Mzee Barasa," ananiambia mbele ya darasa, "insha ilikuwa ya mazingira. Mbona imeanza na kitunguu?"

"Mwalimu, kitunguu kinamea wapi?"

"Rudia."

Nilikuwa nafanya vizuri, nisiwadanganye. Historia niliisoma mpaka nikaanza kuota nimevaa kofia ya zamani. Shida ilikuwa hesabu. Darasa la hesabu lilikuwa Jumanne jioni, na Jumanne jioni Meja Elkana alikuwa na maombi ya kombania. Alitaka chai yangu na si ya mwingine. "Chai ya Barasa," alikuwa akisema, "inawafanya watu wakae mpaka amina." Kwa hivyo hesabu niliisoma kwa kusimuliwa. Wenzangu walinieleza Jumatano yaliyotokea, jinsi mtu anavyosimuliwa mechi ambayo hakuiona.

Mara mbili nilikuwa nimejiandikisha mtihani wa kidato cha nne, na mara mbili nikatumwa mbali na sufuria zangu nikakosa kuufanya. Mwaka ninaouongelea, wa nne wa Meja Elkana, ulikuwa wa mwisho. Mwenye jengo alikuwa anafunga darasa aweke lojingi, vyumba vya kulaza wageni, na Mwalimu Atieno alikuwa amepata kazi kwingine. Naomi naye alinikalisha chini.

"Baba Nekesa, mwaka huu usipoingia huo mtihani, hayo madaftari nawashia jiko."

"Yote?"

"Hata lile la Kiswahili."

Nikaangalia ratiba. Mtihani ulianza Jumatatu baada ya vita vya Mau Narok. Nikaenda ofisini kuomba likizo. Karani hata hakuinua kichwa. "Zimefungwa, Koplo. Kuna gwaride la wakubwa linakuja. Hakuna anayetoka."

"Zote?"

"Zote, isipokuwa ya ushindi."

Nikatoka pale nikakaa juu ya gunia la viazi nikafikiria. Ili nifanye mtihani, lazima kombania ishinde. Ikishinda, lazima mimi ndiye niwe nimeleta ushindi, mimi mpishi, mwenye silaha ya mbao. Na nikiuleta, lazima nitajwe na mtu ambaye maisha yake yote amemtaja mmoja tu. Yaani mshindani wangu wa ile likizo alikuwa Mwenyezi Mungu, na rekodi yake ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Tukapanda Mau Narok. Baridi ya mwaka huo, ukipiga chafya inaanguka chini inalia kling. Sisi tulipiga kambi upande mmoja wa kilima, adui upande wa pili. Kwenye tangi la maji, ambapo jikoni zote mbili zilichota, nikamkuta mpishi wao, Koplo Mutua, rafiki yangu wa siku nyingi. Alikuwa anaosha gunia zima la maharagwe.

"Mutua, hayo ni makavu?"

"Makavu kama mshahara wako."

"Huku juu hayaivi, ndugu yangu. Nakuambia ukweli."

Akacheka mpaka akashika tangi. "Barasa, wewe ni adui! Unafikiri nitachukua ushauri wa mapishi kwa adui? Enda zako!"

Nikaenda zangu. Dhamiri yangu iko safi mpaka leo.

Mchana huo Mutua aliweka maharagwe motoni. Jioni yalikuwa bado yanagonga sufuria kama kokoto kwenye bati. Watu wake wakalala na biskuti kavu. Mimi nilikanda unga wa mandazi, nikatia hamira na iliki, nikakumbuka Sajini Koros, nikaufunika na blanketi langu. Nikaona bado unatetemeka. Nikauongezea koti langu. Kulipokucha unga ulikuwa umeumuka mpaka umeinua blanketi kama mtu anayeamka, na mimi nilikuwa wa rangi ya bluu kuliko utepe wa adui.

Asubuhi hiyo ukungu ulishuka. Ulikuwa mzito hivi kwamba nilinyosha mkono kuchukua chumvi, mkono ukapotea, ikabidi niuite. Meja Elkana aliwapanga vijana wetu kwenye mahandaki upande wa mbele, wakamkodolea macho adui asiyeonekana. Mimi nikawasha jiko, nikaweka karai la mafuta na birika la chai ya tangawizi, nikaanza kukaanga. Harufu ile ya iliki ilipanda kilima bila kuomba ruhusa ya mtu, ikateremka upande wa pili.

Baada ya muda nikasikia viatu. Nikaona watu wanatokea ukunguni wamevaa makoti makubwa na kofia za kufunika masikio, bakuli za bati mkononi. Wakapanga foleni nzuri kabisa. Wa kwanza akanyosha bakuli.

"Buda, fanya haraka. Jana tumelishwa mawe."

Nikamtazama mkononi. Utepe wa bluu. Nikamtazama wa pili. Bluu. Nikainama nikaangalia foleni mpaka ilipopotelea ukunguni. Bluu, bluu, bluu. Vijana walikuwa wamefuata harufu, wakadhani jikoni ni kwao. Sisi tulikuwa na kombania nzima mbele imekenua meno ikimngoja adui, na adui alikuwa kwangu, amepiga foleni, anataka mandazi.

Nifanye nini? Nikipiga kelele wanakimbia, au wananivua utepe mimi na kuondoka na karai. Hapo ndipo nilikumbuka niko jeshini. Nikapanda sanduku langu, nikainua mwiko.

"Sikilizeni! Kuna agizo jipya! Watu wanakula mara mbili mbili hapa! Kuanzia leo, utepe mmoja, mandazi manne na chai. Hakuna utepe, hakuna andazi!"

Sasa, vijana, mtu wa kawaida sokoni angeuliza agizo limetoka kwa nani. Askari haulizi. Askari ukimwambia agizo jipya, analalamika tu huku anatii.

"Maze, hizi maagizo zao," akasema wa kwanza, akivua utepe.

"Na tutarudishiwa lini?" akauliza wa pili.

"Mchana, pamoja na ugali."

"Sawa, mzee. Yangu niongezee sukari."

Ilikwenda vizuri kuliko ndoto. Mmoja alisita, akasema utepe wake umefungwa fundo. Sajini wao mwenyewe akatoka nyuma ya foleni akija kwa hasira. "Wewe! Mpe mpishi utepe! Unataka kutuchelewesha sisi sote?" Akamfungulia kwa meno. Kisha akavua wake akaniwekea mkononi kwa heshima.

Gunia la unga lilikuwa karibu kujaa tepe wakati jua lilipochomoza na ukungu ukaanza kuinuka. Kijana mmoja aliyekuwa anatafuna karibu na mimi akanitazama mkono.

"Mpishi, mbona utepe wako ni mwekundu?"

"Na wako uko wapi?"

Akaangalia mkono wake. Akaangalia mikono ya wenzake. Andazi likasimama njiani.

"Tumekufa?"

"Mmekufa," nikamwambia. "Kaeni chini. Chai bado ipo."

Wakakaa. Hakuna aliyekimbia, wengine walikuwa na andazi la tatu tu na hawakutaka kuacha la nne. Vijana wetu walipokuja mbio kutoka mahandakini, Meja Elkana mbele, walikuta jeshi zima la adui limeketi kwenye nyasi, limekufa, linapuliza chai. Vijana wakaniinua juu na mwiko wangu, na kuniinua haikuwa kazi ya mtu mmoja. Mimi nilikuwa namtazama Meja tu. Aliangalia gunia la tepe. Aliangalia karai. Kisha akavua kofia polepole akainua uso akatazama mbinguni.

Nikajua likizo imekwenda.

Kwenye gwaride la mwisho Meja alisimama mbele ya kombania zote mbili. "Ni nani aliyeleta ushindi huu?" akauliza.

"Barasa!" watu wakapaza sauti. Hata wafu wa upande wa pili walipaza. Mutua alipaza kuliko wote, na nitamkumbuka kwa hilo.

"Hapana," akasema Meja. "Barasa alikaanga mandazi. Je, ukungu aliukaanga nani? Maharagwe ya adui, ni nani aliyeyashika usiku kucha yasiive? Ushindi huu umeletwa na Mungu."

Mbuzi akapelekwa kwa Padre.

Ilikuwa Ijumaa. Mtihani Jumatatu. Nilirudi jikoni, nikayaona kwa mawazo madaftari yangu yakiwaka jikoni kwa Naomi, lile la Kiswahili likiwa la mwisho. Nikavua aproni, nikaenda moja kwa moja mpaka hema la Meja, nikapiga saluti ya kupasua hewa.

"Afande, naomba kuuliza jambo la dini."

Uso wake ukachangamka. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza jambo la dini kwa hiari. "Uliza, Koplo."

"Ile likizo ya mwaka wa kwanza aliyopewa Mungu. Aliitumia?"

"Unasema nini?"

"Na ya mwaka wa pili? Kwa sababu mbuzi najua walitumika, Afande, niliwapika mwenyewe. Lakini likizo zinaharibika tu. Mungu alipumzika siku moja tangu aumbe dunia. Wiki tatu atazifanyia nini?"

Meja akanyosha mkunjo wa suruali ambao haukuwa umepinda. "Mwite Padre," akasema.

Padre akaja akijifuta mdomo. Meja akamuuliza, "Padre, mbuzi wa Mungu unampokea kwa niaba?"

"Ndiyo, Afande," akasema Padre kwa sauti ndogo.

"Inaruhusiwa?"

Padre akanitazama. Nilimtazama kwa upendo, kama mpishi anavyomtazama mteja wake wa siku nyingi. "Padre," nikasema, "ule mguu wa nyuma wa mwaka juzi, uliiva vizuri?"

"Inaruhusiwa kabisa!" akasema Padre. "Chochote anachopewa Mungu, mtumishi wake anaweza kukipokea kwa niaba. Mbuzi, likizo, chochote. Ni mafundisho ya kawaida."

Meja alikuwa mtu wa haki, hilo nimewaambia. "Basi Koplo Barasa atatumia likizo ya Mungu," akasema mwishowe. "Lakini haiwezi kutumika ovyo. Unaenda kufanya nini?"

"Mtihani, Afande. Kidato cha nne."

"Unajua ukifeli utakuwa umemwaibisha nani?"

"Najua, Afande."

Nilitamani ningepewa likizo ya mtu mdogo zaidi. Lakini ndiyo iliyokuwepo.

Tuliporudi kambini Meja alipiga simu langoni. Jumapili nilipofika na mkoba wangu nikakuta mlinzi mgeni, kijana mwenye uso wa kazi.

"Mzee, mimi nimeambiwa anayetoka likizo hapa ni Mungu."

"Ni kweli."

"Sasa yuko wapi?"

"Amebaki kazini."

Kijana akaangalia nyuma yangu, akaangalia juu, akafungua lango. Tena akapiga saluti, asije akakosea.

Nyumbani Naomi aliniuliza, "Wamekupa likizo?"

"Ya Mungu."

"Basi hiyo si ya kulalia. Kaa hapo usome."

Jumatatu kwenye mlango wa chumba cha mtihani msimamizi alinizuia. "Mzazi, tafadhali ungoje mtoto nje."

"Mwalimu, mtoto ni mimi."

Dawati lilinibana magoti mpaka leo yana alama. Insha ya Kiswahili niliandika juu ya mandazi, nikaanza na kitunguu kwa ukaidi tu. Karatasi ya hesabu niliitazama, nayo ikanitazama, tukakaa hivyo mpaka muda ukaisha.

Matokeo yalipotoka, Meja Elkana aliomba ile karatasi, akaita kombania nzima kwenye gwaride. Nilisimama mbele nikitokwa jasho kuliko siku ya mandazi. Akaanza kusoma kwa sauti.

"Kiswahili, B ya juu. Hiyo ni ya Mungu." Watu wakapiga makofi. "Historia, B. Ya Mungu. Dini, A." Hapo hata mimi sikubisha ni ya nani. Akaendelea hivyo hivyo, somo baada ya somo, akimgawia Mungu kila alama niliyoitolea jasho, na mimi nikipiga makofi pamoja na wengine. Halafu akafika chini. Akaisogeza karatasi karibu na macho.

"Hesabu," akasema. "D."

Nikafunga macho. Nikajua hii sasa ndiyo yangu.

"Darasa la hesabu lilikuwa Jumanne," akasema Meja Elkana. "Na Jumanne nilikuwa nikimweka huyu mtu akinipikia chai ya maombi. Hii ni yangu. Msimtafute mwingine."

Akakunja karatasi, akanirudishia kwa mikono miwili. Nikarudi jikoni nikiwa nimefaulu mtihani mzima wa kidato cha nne bila kubakiwa hata na alama moja ya kwangu.

Jumanne iliyofuata nilipoanza kutayarisha birika nikaambiwa niliache. Meja aliingia jikoni mwenyewe, amekunja mikono ya shati, akauliza majani ya chai yako wapi. Akachemsha. Tukamngojea. Akamimina, watu wakanywa kidogo, wakatazamana. Padre alitafuta mahali pa kumwaga. Meja akaonja, akafunga mdomo kidogo kama kawaida yake, na sote tukangoja asikie utamu wa Mungu.

"Hii," akasema, "ni yangu."